Kwa nini saa iliyo mwendoni hubaki nyuma: njia nne za kulielewa jambo hili, na jinsi ya kuchagua yako

Muulize mtu anayeijua fizikia kwa nini wakati hupita polepole kwa kitu kinachokwenda kasi sana, na jibu litategemea umemuuliza nani. Mmoja atachora vioo viwili na mwale wa mwanga unaodunda katikati yake. Mwingine atachora mistari miwili, mmoja umenyooka na mmoja umekunjika, kisha akutake upige hesabu ya kila mstari. Wa tatu ataanza na pacha wanaotumiana ishara kila mwaka. Wa nne, asiye na subira na michoro, atakwambia saa zilipandishwa ndege zikarudi hazilingani na zilizobaki chini, basi.

Wote wanne wanasema kweli. Tabu ni kwamba hilo "kwa nini" limebeba maswali kadhaa ndani yake. Kuna anayetaka kujua ni kitu gani kinachoichelewesha saa. Kuna anayekubali kwamba inachelewa, ila haoni itakuwaje kila mmoja aione saa ya mwenzake ndiyo inayochelewa bila mambo kugongana. Na kuna ambaye hataki kusikia lolote kabla hajaoneshwa kwamba jambo lenyewe hutokea kweli. Mimi nilikaa miaka na ule mchoro wa vioo nikiamini nimemaliza kazi, hadi siku nilipoulizwa swali moja dogo kuhusu pacha nikaanza kubabaika. Vioo havikuwa na kosa. Nilikuwa nimeviuliza visichokijua.

Msingi ambao njia zote nne zinausimamia

Mambo mawili tu. La kwanza, sheria za fizikia ni zile zile kwa kila anayekwenda mwendo ulionyooka usiobadilika. Ukifungiwa katika chumba kisicho na dirisha, hakuna jaribio litakalokuambia kama chumba kimetulia au kinasonga. La pili, kila anayepima kasi ya mwanga katika ombwe hupata mita 299,792,458 kwa sekunde, awe anaufuata mwanga huo au anaukimbia. Albert Einstein aliyaweka mawili haya pamoja mwaka 1905, wakati huo akiwa mkaguzi katika ofisi ya hataza mjini Bern, Uswisi.

Hakuna hata njia moja kati ya hizi nne inayoeleza kwa nini mwanga una kasi ile ile kwa wote. Hilo tunalipokea kama maumbile yalivyo, kwa sababu kila kipimo kinalithibitisha. Ukimkuta anayekuahidi zaidi ya hapo, mwekee alama ya kuuliza.

Vigezo vya kulinganisha, na mfano mmoja kwa wote

Kila njia nitaitazama kwa mambo yale yale: inavyokwenda, hesabu inayodai, inavyostahimili swali la pacha, mahali inapoweza kukupotosha, na mtu inayemfaa. Swali la pacha (mmoja akisafiri na kurudi, ni nani atakayekuwa kijana zaidi, ilhali kila mmoja anaweza kudai kwamba mwenzake ndiye aliyesonga?) nimelipa uzito zaidi, kwa kuwa ndipo wengi huangukia.

Mfano ni huu. Kurwa anabaki. Doto anapanda chombo kinachokwenda kwa asilimia 80 ya kasi ya mwanga hadi kwenye nyota iliyo umbali wa miakanuru 8, anageuka papo hapo na kurudi kwa kasi ile ile. (Mwakanuru mmoja ni umbali unaosafiriwa na mwanga kwa mwaka mmoja.) Kwa saa ya kurwa, safari ni miaka 10 kwenda na 10 kurudi. Kwa saa ya doto ni miaka 6 na 6. Wanapokutana, kurwa ameongeza miaka 20, doto 12. Hizi namba zinatoka wapi?

Njia ya kwanza: saa ya mwanga

*Inavyokwenda.* Ndiyo njia maarufu kuliko zote, na wazo lake lilitumiwa na Gilbert Lewis na Richard Tolman huko Marekani mwaka 1909. Chukua vioo viwili vinavyotazamana, kimoja chini na kimoja juu, vikiwa na sentimita 90 kati yake. Mwanga husafiri karibu sentimita 30 kwa nanosekunde, yaani kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Kwa doto, aliye ndani ya chombo pamoja na vioo hivyo, mwale unapanda wima sentimita 90 na kufika juu baada ya nanosekunde 3.

Sasa simama nje na kurwa. Kwake mwale haupandi wima, kwa sababu kioo cha juu kinasogea wakati mwale uko njiani. Unapanda mshazari. Chora: sentimita 90 za wima, sentimita 120 ambazo chombo kimesogea, na upande wa mshazari unaotoka kuwa sentimita 150. Ni ile pembetatu ya darasani ya 3, 4, 5. Mwale umetembea sentimita 150, na kasi yake haikuongezeka hata chembe, kwa hiyo umetumia nanosekunde 5. Na chombo kilichosogea sentimita 120 kwa muda huo kimekwenda kwa asilimia 80 ya kasi ya mwanga, kama tulivyosema. Tukio ni moja tu, mwale kugusa kioo cha juu. Doto amehesabu 3, kurwa amehesabu 5. Miaka 6 kwa miaka 10 ni uwiano huo huo.

*Hesabu yake.* Kanuni ya Pythagoras peke yake. Hakuna njia ya bei nafuu kuliko hii.

*Mbele ya swali la pacha.* Hapa inanyamaza. Doto akivitazama vioo vya kurwa, naye ataona mwale ukipanda mshazari, na atasema kwa haki kabisa kwamba saa ya kurwa ndiyo inayochelewa. Mchoro unawaruhusu wote wawili, wala hausemi nani atarudi akiwa kijana.

*Inapopotosha.* Kuna mitego miwili, na vitabu vingi huiruka. Wa kwanza ni kudhani kwamba kinachochelewa ni saa ya vioo tu. Msomaji makini atauliza: moyo wangu hauna vioo, unahusikaje? Jibu liko kwenye lile jambo la kwanza la msingi. Kama vioo vingechelewa na moyo usichelewe, doto angekaa ndani ya chumba chake kisicho na dirisha, alinganishe mapigo ya moyo na mapigo ya vioo, na kwa tofauti hiyo agundue kwamba anasonga. Hilo haliwezekani. Basi moyo, saa ya betri, ukucha unaoota na atomu inayooza, vyote vinachelewa kwa kiwango kimoja. Bila hatua hii maelezo yamekatika katikati, na ajabu ni kwamba ndiyo hatua inayoachwa mara nyingi zaidi.

Mtego wa pili ni ile sentimita 90. Nani alisema ni 90 kwa wote wawili? Fikiria fimbo mbili za urefu mmoja, zimesimama wima, kila moja na wino kwenye ncha, zikipishana kwa kasi karibu kugusana. Kama fimbo inayosonga ingefupika, wino wake ungechora alama chini ya ncha ya ile iliyotulia. Lakini kila fimbo ina haki sawa ya kudai kwamba yenyewe ndiyo iliyotulia, na haiwezekani kila moja iwe fupi kuliko mwenzake wakati alama za wino zinabaki palepale kwa wote kuziona. Kwa hiyo urefu unaokingamana na mwendo haubadiliki. Mchoro uko salama, lakini kwa hoja, si kwa kudhania.

*Inamfaa nani.* Anayeanza, anayetaka kujua kitu hiki kinatokea wapi na kwa kiasi gani, na yeyote mwenye dakika tano na kipande cha karatasi.

Njia ya pili: ramani ya nafasi-wakati

*Inavyokwenda.* Hermann Minkowski, ambaye alikuwa amemfundisha Einstein hisabati mjini Zurich, aliieleza katika hotuba huko Cologne, Ujerumani, mwaka 1908. Kila tukio ni nukta kwenye karatasi: mlalo ni umbali, wima ni muda. Maisha ya mtu ni mstari. Kurwa hasogei, kwa hiyo mstari wake unapanda wima. Doto anakwenda kulia, anafika kwenye nyota, anakunja kona na kurudi. Mistari yao inaanza pamoja na kuishia pamoja.

Sasa fikiria magari mawili yaliyotoka mji mmoja na kukutana mji mwingine kwa barabara tofauti. Hakuna anayeshangaa vipima mwendo vyao vikisoma kilomita tofauti, wala hakuna anayeuliza ni nini kilichokichelewesha kipimo cha mmoja. Hakikuchelewa. Kilihesabu barabara iliyopitwa. Saa nayo, kwa njia hii, ni kipimo cha urefu wa mstari wa mwenye nayo katika nafasi-wakati.

Kinachotofautiana na barabara ni kanuni ya kupima. Barabarani unajumlisha vipeo vya pili, hapa unatoa. Kwa doto, kwenda: 10 kipeo cha pili ni 100, 8 kipeo cha pili ni 64, toa, inabaki 36, na kipeuo chake ni 6. Kurudi, tena 6. Kwa kurwa: 20 bila umbali wowote, inabaki 20.

Mbona kutoa? Kwa sababu mwanga hukata mwakanuru mmoja kwa mwaka mmoja, hivyo umbali wake na muda wake daima ni sawa, na ukitoa unapata sifuri. Kila mtazamaji akipima njia ya mwanga hupata sifuri hiyo hiyo. Alama ile ya kutoa ndiyo kasi ya mwanga iliyo moja kwa wote, imeandikwa kwa lugha ya jiometria.

*Hesabu yake.* Vipeo na vipeuo vya pili tu, ila ni lazima uwe mtu wa kusoma grafu bila kuchoka.

*Mbele ya swali la pacha.* Hapa ndipo penye nguvu yake. Mstari wa doto una kona, wa kurwa hauna, na hilo halitegemei nani anatazama. Kabla ya kona wako sawa kabisa, kila mmoja anaiona saa ya mwenzake ikichelewa, kama watu wawili waliosimama mbalimbali ambavyo kila mmoja humwona mwenzake mdogo. Lakini mistari miwili iliyonyooka ikishaachana haikutani tena. Ili wakutane, mmoja lazima akunje. Na angalia: si kule kugeuka kwenyewe kunakomla doto miaka minane. Kona ya barabara ina urefu wa hatua chache tu. Inachofanya ni kuifanya njia hii iwe njia nyingine.

*Inapopotosha.* Karatasi ni ya Pythagoras, nafasi-wakati si yake. Jicho litakuambia mstari uliokunjika ni mrefu zaidi, ilhali ndio wenye muda mchache. Inabidi ujizoeze kutoliamini jicho. Kasoro nyingine ni ya ladha: anayetafuta kitu kinachoikaba saa atahisi amedanganywa, kwamba ameuliza fizikia akapewa jiometria. Maoni yangu ni kwamba hakuna kinachoikaba, na njia hii ndiyo inayolisema hilo bila kuzunguka. Lakini naelewa kwa nini halimridhishi kila mtu siku ya kwanza.

Kuna ndugu wa njia hii utakayemkuta kila mahali: kwamba kila kitu husafiri katika nafasi-wakati kwa kasi ya mwanga, na ukiitumia zaidi katika nafasi unabakiwa na kidogo katika wakati. Namba zinakubali, kwani 0.8 na 0.6 vipeo vyake vya pili vikijumlishwa ni 1. Ni msaada mzuri wa kumbukumbu. Usiufanye maelezo, maana unachanganya saa ya doto na rula ya kurwa katika sentensi moja, na ukiubana kidogo unaanza kuuliza "kasi kwa saa ya nani?"

*Inamfaa nani.* Anayetaka kuendelea mbele. Nadharia ya uvutano ya Einstein ya mwaka 1915 inazungumza lugha hii, na asiyeizoea hapa atapata shida kule.

Njia ya tatu: kuhesabu ishara

*Inavyokwenda.* Hermann Bondi, mwanahisabati aliyezaliwa Vienna na kufanya kazi Uingereza, aliieneza njia hii miaka ya 1960. Haihitaji vioo wala ramani. Inahitaji watu wawili wenye saa, na ishara za mwanga.

Doto anaondoka. Kila ishara inayofuata ina umbali mrefu zaidi wa kusafiri, kwa hiyo zinapokelewa zikiwa zimeachana. Tuseme zinaachana mara tatu: zikitumwa kila mwaka, zinafika kila baada ya miaka 3. Kwa kuwa hakuna mwenye haki ya kudai kuwa ndiye aliyetulia, kiwango hicho ni kimoja kwa ishara za kurwa kwenda kwa doto na za doto kwenda kwa kurwa. Hilo ndilo dai pekee.

Sasa tazama kinachotokea, na ukiweza andika namba pembeni. Kurwa anatuma ishara mwaka 1 baada ya kuagana. Doto anaipokea saa yake ikisoma miaka 3, anajibu papo hapo. Jibu nalo linatanuka mara tatu, linamfikia kurwa saa yake ikisoma miaka 9. Kurwa anapiga hesabu: ishara imeondoka mwaka wa 1, imerudi mwaka wa 9, imekaa njiani miaka 8, yaani 4 kwenda na 4 kurudi. Basi ilimgusa doto akiwa umbali wa miakanuru 4, mwaka wa 5. Miakanuru 4 kwa miaka 5 ni asilimia 80 ya kasi ya mwanga. Na pale ilipomgusa, saa ya kurwa inahesabiwa 5, saa ya doto ilisoma 3.

Tano kwa tatu. Zimetoka bila pembetatu yoyote. Nilipozipata mara ya kwanza kwa mkono wangu, nilirudia hesabu nikidhani nimechungulia jibu.

*Hesabu yake.* Kuzidisha na kugawa. Asiyependa vipeuo atashukuru.

*Mbele ya swali la pacha.* Kila mmoja anatuma ishara moja kwa mwaka kwa saa yake. Doto akienda, ishara zake zinafika kwa kurwa kila baada ya miaka 3. Akirudi zinabanana mara tatu, zinafika kila miezi 4. Doto ametuma 6 akienda: kurwa anazipokea kwa miaka 18. Ametuma 6 akirudi: kurwa anazipokea kwa miaka 2. Jumla, ishara 12 katika miaka 20.

Upande wa doto: miaka 6 ya kwenda anapokea ishara moja kila miaka 3, yaani 2. Miaka 6 ya kurudi anapokea 3 kila mwaka, yaani 18. Jumla, ishara 20 katika miaka 12. Daftari zao zinalingana mpaka ishara ya mwisho, na hakuna aliyemdhulumu mwenzake.

Tofauti yao imejificha kwenye lini. Doto akigeuka tu, siku hiyo hiyo ishara zinaanza kumjia kwa kasi. Kurwa hajui lolote. Doto aligeuka mwaka wa 10 kwa saa ya kurwa, akiwa umbali wa miakanuru 8, kwa hiyo habari inamfikia kurwa mwaka wa 18. Mmoja amegawanya safari nusu kwa nusu kati ya ishara za taratibu na za haraka. Mwingine amekaa na za taratibu karibu muda wote. Aliyegeuka ndiye aliyebadilisha mambo mara moja, na ndiye mwenye miaka michache.

*Inapopotosha.* Ni rahisi kuchanganya kuona na kuhesabu. Doto akirudi, kurwa anaiona saa ya doto ikikimbia mara tatu, ilhali kila njia inasema saa iliyo mwendoni huchelewa. Hakuna ugomvi: anachokiona kimechanganywa na umbali unaopungua kila dakika, na akiuondoa umbali huo katika hesabu anabaki na ucheleweshaji ule ule wa 5 kwa 3. Lakini mtu asiyeambiwa mapema atadhani nadharia imejikana.

*Inamfaa nani.* Aliyekwama kwenye swali la pacha, na mtu anayeamini orodha ya namba kuliko picha.

Njia ya nne: kuanza na vipimo

*Inavyokwenda.* Weka nadharia kando, uliza kilichopimwa. Mionzi ya anga za juu hupiga angahewa na kuzaa chembe ziitwazo muoni, ambazo kwa wastani huishi mikrosekunde 2.2, yaani sehemu mbili na ushei za milioni ya sekunde. Hata zikienda karibu na kasi ya mwanga, muda huo unatosha mita 660 hivi. Mwaka 1963 David Frisch na James Smith walichapisha hesabu yao: karibu na kilele cha Mount Washington, huko Marekani, walihesabu, kwa kila saa moja, muoni zipatazo 560 zenye kasi ya karibu asilimia 99.5 ya kasi ya mwanga. Kushuka mita 1,900 kunachukua mikrosekunde 6 na kidogo, kwa hiyo chini walipaswa kupata kama 30. Walipata zaidi ya 400. Saa za ndani za muoni zilikuwa zimekwenda taratibu karibu mara tisa. (Kwa muoni yenyewe saa ni ya kawaida, mlima ndio uliofupika.)

Oktoba 1971 Joseph Hafele na Richard Keating walipanda ndege za abiria na saa nne za atomu, wakaizunguka dunia kuelekea mashariki, kisha magharibi. Mwaka 1977 ikachapishwa kazi ya CERN, maabara ya Ulaya ya fizikia ya chembe, ambapo muoni zilizungushwa katika pete kwa asilimia 99.94 ya kasi ya mwanga zikaishi mikrosekunde 64. Na mwaka 2010 wanafizikia wa NIST, taasisi ya vipimo na viwango ya Marekani, waliuona ucheleweshaji kwa mwendo usiofika mita 10 kwa sekunde, mwendo ambao baiskeli inauweza.

*Hesabu yake.* Kulinganisha namba iliyotarajiwa na iliyopatikana.

*Mbele ya swali la pacha.* Pete ya CERN inalijibu kwa vitendo. Muoni zilikuwa zikitoka na kurudi mahali pale pale, zikigeuzwa bila kupumzika, na zilizeeka polepole kwa kiwango kile kile kinachotabiriwa na kasi yake.

*Inapopotosha.* Uvutano unaingilia. Saa zilizokwenda mashariki zilipoteza nanosekunde 59, sawa. Lakini zilizokwenda magharibi zilitangulia kwa nanosekunde 273. Msomaji ambaye ameambiwa tu kwamba mwendo huchelewesha saa atadhani jaribio limeshindwa. Kumbe saa iliyo juu, penye uvutano hafifu, huenda mbio zaidi, na ndege ya magharibi, kwa kwenda kinyume cha mzunguko wa dunia, kwa kweli ilikuwa na mwendo mdogo kuliko saa iliyobaki chini. Setilaiti za GPS ni vivyo hivyo: kasi yao huzichelewesha saa zao mikrosekunde 7 kwa siku, kimo chao huziharakisha 45, na tofauti ni kutangulia kwa 38. Anayekuletea GPS kama ushahidi wa ucheleweshaji wa mwendo peke yake amekata hadithi nusu. Einstein mwenyewe aliteleza hapa: mwaka 1905 aliandika kwamba saa iliyo ikweta itachelewa kidogo kuliko iliyo ncha ya dunia. Uvutano ukiingizwa, zote mbili zikiwa usawa wa bahari, zinakwenda pamoja.

Na bila shaka, vipimo havisemi kwa nini. Vinasema ndivyo.

*Inamfaa nani.* Mwenye mashaka, na anayetakiwa kumshawishi mwenye mashaka.

Uchague ipi

Kama hujawahi kuligusa jambo hili, anza na saa ya mwanga, lakini usiifunge karatasi kabla ya kufika kwenye hoja ya moyo na chumba kisicho na dirisha.

Kama tayari unaijua saa ya mwanga na unahisi kuna kitu hakijakaa sawa, hasa ile ya kila mmoja kumwona mwenzake akichelewa, usiirudie mara ya kumi. Nenda kwenye ishara, chukua kalamu, uzihesabu zile 12 na zile 20 mwenyewe.

Kama unajiandaa kusoma fizikia kwa miaka kadhaa, vumilia ramani ya nafasi-wakati hata kama inakuchosha mwanzoni. Mwenye mtihani wiki ijayo na swali la kukokotoa muda anaweza kuishi na saa ya mwanga na fomula inayotoka kwenye pembetatu yake.

Kama unafundisha, tazama swali lilivyoulizwa. Mwanafunzi akisema "siamini", mpe muoni za mlimani kabla ya mchoro wowote. Akisema "sielewi inatokeaje", mpe vioo. Akisema "lakini doto naye si anaweza kusema kurwa ndiye anayesonga?", huyo yuko tayari kwa ishara au ramani, na kumrudisha kwenye vioo ni kumkatisha tamaa.

Na kama kinachokusumbua ni kwamba mwanga wenyewe unawezaje kuwa na kasi moja kwa wote, hakuna hata moja ya hizi itakayokufaa, kwa kuwa zote zinaanzia hapo.